Minara Miwili: Kanisa la Unguja Lenye Mizizi ya Kusini

Kionga, ambayo ramani za Msumbiji huiandika Quionga, iko kusini kidogo tu ya mahali mto Ruvuma unapomwaga maji yake baharini, katika wilaya ya Palma, jimbo la Cabo Delgado. Ukiitazama kwenye ramani ya Bahari ya Hindi utaona jambo ambalo si rahisi kulitambua ukiwa pale ufukweni: iko karibu nusu ya njia baina ya visiwa viwili vilivyoupokea Ukatoliki kwa namna mbili tofauti kabisa. Kusini, kwa umbali wa kama kilomita 500, kipo Kisiwa cha Msumbiji. Kaskazini, umbali unaokaribiana na huo, ipo Unguja, na ndani ya Mji Mkongwe wake limesimama Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Wenyeji husema Minara Miwili tu, na ukitaja jina hilo kila mtu anajua unaelekea wapi.

Wageni huambiwa kwamba kanisa hili ni kipande cha Ufaransa kilichotua katika mji wa Waswahili. Vitabu vyao huutaja mji wa Marseille, hutaja vioo vya rangi vilivyokuja kwa meli, kisha hugeukia milango ya kuchonga na Jumba la Maajabu. Maelezo hayo hayana uongo ndani yake, ila yanaanza katikati ya habari. Mwanzo wa Minara Miwili uko huku kusini, katika njia zilizoteremka kutoka Ziwa Nyasa na kingo za Ruvuma hadi pwani, na kwa watu waliopitishwa katika njia hizo wakiwa wamefungwa.

Tuvitazame kwanza visiwa vyote viwili, maana bila cha kusini cha kaskazini hakieleweki.

Mwaka 1522 Wareno walijenga kanisa dogo la Nossa Senhora do Baluarte kwenye ncha ya kaskazini ya Kisiwa cha Msumbiji. Lingali limesimama, na huhesabiwa kuwa jengo la Kizungu la kale kuliko yote yaliyosalia katika nusu ya kusini ya dunia. Dari lake ni la matao yenye mbavu za mawe zinazokutana juu, ufundi wa Ureno ya wakati wa Mfalme Manuel. Kuanzia 1558 ngome ya São Sebastião ikajengwa mahali hapohapo, hata kanisa likabaki nyuma ya mizinga, na anayetaka kulifikia hupita kwenye ngome. Fransisko Ksaveri alikaa kisiwani humo kati ya 1541 na 1542 akingoja upepo wa kumpeleka India. Huo ndio Ukatoliki wa kwanza kuijua pwani yetu. Ulikuja na mzinga, ukakaa pamoja na mzinga, na watu wa pwani waliutazama hivyo.

Unguja nayo iliupata. Mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa ile ya 17 Wareno walikuwa na kanisa ufukweni, pale Forodhani tunapopaita leo. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipoanguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698, utawala wa Wareno kaskazini ya Ruvuma ulikwisha. Waomani wakajenga ngome yao Unguja palepale penye kanisa, na masalio ya kuta za kanisa yamo mpaka sasa ndani ya Ngome Kongwe, ambamo watu huketi jioni kusikiliza taarabu na kutazama filamu. Wengi hukaa pale bila kujua kwamba nyuma yao ipo historia ya altare.

Ikapita zaidi ya karne moja na nusu. Desemba 1860 akatia nanga Unguja Padre Armand Fava, makamu wa askofu wa Saint-Denis, akiwa na mapadre wenzake na masista. Sultani Majid aliwapokea vizuri. Hawakuwa na ngome wala mizinga. Walifungua nyumba ya ibada, hospitali na karakana.

Hapa ndipo inapobidi tusimame, kwa sababu swali ambalo vitabu vya wageni havilijibu ni hili: walitoka wapi? Hawakutoka Marseille moja kwa moja. Walitoka Réunion.

Kisiwa cha Réunion kilikuwa cha kahawa, kisha sukari, na mashamba yake yalilimwa na watumwa. Sehemu kubwa ya watumwa hao walinunuliwa kwetu, Kilwa, Ibo na Kisiwa cha Msumbiji. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Ibo, kisiwa kilicho kusini ya Kionga, kilinenepa kwa biashara hiyohiyo. Wamakua, Wayao na watu wa Ziwa Nyasa walipelekwa kule kwa maelfu, na damu yao ingali katika nyuso za watu wa Réunion wa leo. Utumwa ulifutwa huko tarehe 20 Desemba 1848, lakini wenye mashamba hawakukubali kukosa mikono. Wakabuni mpango wa kununua watu wapya na kuwaita vibarua wa mkataba: mtu alinunuliwa pwani, akapewa karatasi ya kusema yuko huru na ameridhika, kisha akapakiwa melini. Mwaka 1857 Wareno waliikamata meli ya Kifaransa, Charles et Georges, ikiwa na watu wa namna hiyo karibu na Kisiwa cha Msumbiji, na ugomvi ukafika Lisbon na Paris. Mwaka 1859 serikali ya Ufaransa ikapiga marufuku kuchukua watu wa namna hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki.

Mwaka uliofuata, Padre Fava akaja.

Sidai kwamba alitumwa na wenye mashamba, na hakuna haja ya kudai hivyo. Ninachosema ni kwamba watu walioleta kanisa Unguja walitoka katika kisiwa kilichojengwa kwa jasho la watu wetu, wakawahudumia nyumbani Waafrika wa asili ileile waliyoiona ng'ambo. Walikuwa wameshawazika watu wa Ruvuma kabla ya kuiona Ruvuma yenyewe. Kwa maoni yangu jambo hilo lina uzito kuliko mchoro wowote wa msanifu.

Mwaka 1863 kazi ikachukuliwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu wakiongozwa na Padre Anton Horner. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa wazi wakati huo, na lilibaki hivyo hadi Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza wa kulifunga. Wamisionari walikomboa watoto kwa fedha, na wengine waliletwa kwao baada ya majahazi kukamatwa baharini. Wengi wa waliopita sokoni miaka hiyo walitoka kusini, kupitia Kilwa. Wavulana walifundishwa useremala, uhunzi na uashi katika karakana za misheni, na mabaharia waliotaka chombo chao kitengenezwe walijua pa kwenda. Nafasi ilipokuwa finyu, mwaka 1868 misheni ikavuka bahari na kufungua makazi makubwa Bagamoyo.

Tusiipambe habari hii kupita kiasi. Mtoto aliyekombolewa hakuulizwa anataka dini gani wala anataka kuishi wapi. Aliolewa au kuoa ndani ya misheni, akalima shamba la misheni, akapewa jina la mtakatifu asiyemjua. Kukombolewa kulikuwa jambo kubwa, lakini hakukumrudisha kwao. Hata hivyo ndio waliokuwa kanisa. Kabla ya ukuta mmoja wa Minara Miwili kusimama, kanisa hilo lilikwisha kuwapo kwa miaka thelathini, nalo lilikuwa watu wa kusini.

Ujenzi ulifanyika kati ya 1893 na 1898. Ulianza chini ya Askofu Raoul de Courmont, aliyewekwa mwaka 1883 kuongoza vikariati ya Zanguebar, yaani eneo la misheni ambalo halikuwa bado jimbo kamili, ukamalizika chini ya Emile Allgeyer, aliyeshika nafasi hiyo mwaka 1897. Miaka hiyo mitano ilikuwa mizito kuliko kawaida. Uingereza ilikuwa imeiweka Zanzibar chini ya himaya yake tangu 1890. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliipiga kasri ya Sultani, si mbali na hapo, katika vita vilivyokwisha kwa muda usiofikia saa moja. Mwezi Aprili 1897 ikatolewa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa katika sheria. Kwa hiyo jengo lilipoanzishwa, utumwa ulikuwa halali Unguja. Lilipomalizika, haukuwa hivyo tena.

Na Kionga? Masultani wa Zanzibar walihesabu kwamba mamlaka yao yalifika kusini ya Ruvuma, mpaka ghuba ya Tungi. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana baina yao kwamba Ruvuma iwe mpaka, na mapema 1887 Wareno wakaipiga Tungi kwa mizinga na kuitwaa. Mwaka 1894, wakati kuta za kanisa zikiinuka Unguja, Wajerumani walishika Kionga, kipembe cha ardhi upande wa kusini wa mlango wa mto, wakaiingiza katika koloni lao. Wareno waliirudisha kwa silaha Aprili 1916 na hata wakatoa stempu zilizopigwa chapa ya jina la KIONGA. Amani ya Versailles ya 1919 ikawathibitishia. Watu wa Kionga walibadilishiwa bendera tatu bila kuhama nyumba zao. Yule mtoto wa kusini aliyekulia katika misheni ya Unguja, siku alipoingia kanisa jipya akiwa mtu mzima, nyumbani kwao palikuwa pamekwisha kuwa nchi ya mtu mwingine.

Sasa tuingie ndani ya jengo.

Anayefika kwa boti kutoka Dar es Salaam huiona minara hiyo pacha mapema, ikipanda juu ya mapaa ya bati yaliyobanana. Akishateremka na kuingia vichochoroni huipoteza. Mji Mkongwe hauachi uwanja mbele ya jengo kama miji ya Ulaya inavyofanya, hivyo uso wa kanisa hutokea ghafla juu ya kichwa, na mtu hulazimika kuinua shingo. Wajenzi walifuata mtindo wa Kiromanesko kwa kulitazama kanisa kuu la Marseille, lililoanza kujengwa 1852 na kumalizika mwaka uleule wa 1893. Marseille ilikuwa bandari ya safari za kuelekea Mashariki. Jengo la mwisho ambalo mmisionari wa Kifaransa aliliona nyuma yake akiondoka kwao ndilo alilotaka kuliona mbele yake alikofika, na hilo ni la kibinadamu kabisa.

Ila mtindo huo ulichaguliwa vizuri kuliko pengine walivyojua. Uromanesko ni usanifu wa tao la mviringo na ukuta mnene. Uzito wa juu hushuka kwa kubana mawe, wala hauyavuti. Pwani yetu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na jiwe la matumbawe huvumilia sana kubanwa lakini hukatika upesi likivutwa. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za Mji Mkongwe ni vyembamba, kulingana na urefu wa boriti za mikoko. Anayetaka ukumbi mpana bila boriti ndefu hana budi kutumia tao. Mafundi wa pwani walijua matao karne nyingi kabla. Anayetaka ushahidi aende Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani akatazame kuba zake. Kwa hiyo umbo lililotoka Marseille lilikuta mikono iliyolielewa.

Ndani, kuta na dari zimechorwa. Picha nyingi ni za Agano la Kale, na hapo ndipo ninapopenda kukaa. Katika mji ambao karibu kila jirani ni Mwislamu, kanisa lingeweza kujaza kuta zake kwa mambo ambayo jirani huyo hayakubali. Agano la Kale ni pale ambapo watu wa vitabu viwili hukutana: Ibrahimu, Yusufu, Musa, Daudi ni majina yanayotajwa madrasani asubuhi na kanisani Jumapili. Sijui kama aliyeamua hivyo aliwaza majirani, lakini matokeo yake ni kwamba Mzanzibari yeyote anayeingia humo hakutani na watu wageni kwake. Chini kuna vigae, na madirishani vioo vya rangi, vyote kutoka Ufaransa. Jua la pwani ni kali kuliko la Ulaya, na vioo vile vilivyokusudiwa kukusanya mwanga hafifu wa kaskazini hapa hupokea mwanga mwingi mno, hata rangi zikaanguka nzito sakafuni na kwenye nguo za wanaosali.

Picha hizo zimeumia. Sehemu nyingine zimebanduka, na nyingine zimepakwa upya na mikono isiyolingana na ile ya kwanza. Chanzo chake ni kilekile kinachokula nyumba zote za Mji Mkongwe. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka chini na kutoka hewani, na maji hayo yana chumvi. Ukuta ukikauka, maji hutoka nje na chumvi hubaki nyuma ya rangi, ikajijenga punje kwa punje hadi ikaisukuma rangi itoke. Chokaa huuruhusu ukuta kupumua, hivyo unyevu huweza kutoka bila kuvunja kitu. Saruji huuziba. Kila lipu ya saruji iliyopigwa Mji Mkongwe kwa nia ya kuimarisha nyumba imeifungia unyevu ndani, na mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 huku kasoro hiyo ikiwa tayari imeenea. Mafundi wa chokaa wamepungua sana, maana chokaa hutaka kuchomwa, kuloweshwa na kungojwa, na mwenye nyumba wa leo hataki kungoja. Mtu akiniuliza jambo moja la kufanya kwa ajili ya michoro ya Minara Miwili, nitasema: wasomesheni vijana kazi ya chokaa.

Si mbali, kule Mkunazini, lipo kanisa kuu la Waanglikana, ambalo wengi huchanganya na hili. Lilijengwa katika miaka ya 1870 juu ya soko la watumwa lenyewe chini ya Askofu Edward Steere, na madhabahu yake inasemekana iko mahali pa mti wa kuchapia. Lina habari zake za kusini pia: mwaka 1876 Steere aliwaongoza watu waliokombolewa kuelekea Ziwa Nyasa, wakaishia kukaa Masasi, upande wa kaskazini wa Ruvuma. Mkunazini husema wazi ulichojengewa, na wageni hupanga foleni. Minara Miwili hainadi, na huenda ndiyo sababu historia yake ya kusini imesahaulika.

Hata lugha yetu inadaiwa shukrani na Mapadre wa Roho Mtakatifu. Padre Charles Sacleux, aliyefika pwani 1879 na kuondoka 1898, mwaka uleule kanisa lilipokamilika, alikusanya maneno na mimea kwa bidii isiyo ya kawaida. Mwaka 1909 alitoa kitabu cha sarufi ya lahaja za Kiswahili, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikachapishwa kati ya 1939 na 1941. Hakuichukua lahaja ya Unguja peke yake kuwa Kiswahili. Aliwasikiliza watu wa pwani nzima, na wengi wao hawakuhitaji kufuatwa mbali. Walikuwa wameletwa hadi mlangoni pake.

Baadaye uzito wa vikariati ulihamia Nairobi. Waumini wa Minara Miwili wakawa kwa sehemu kubwa Wagoa, makarani na mafundi cherehani na wapiga picha, pamoja na watu wa bara, wakiwemo Wamakonde waliovuka Ruvuma kutafuta kazi ya mashamba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Wagoa wengi waliondoka. Zanzibar ikawa jimbo kamili mwaka 1980, na kiti cha askofu kikawa tena katika kanisa hilo. Februari 2013 Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi akienda kusalisha, na Wazanzibari wengi, Waislamu na Wakristo, walihuzunika waziwazi.

Huku kusini mambo ni mazito zaidi. Tangu Oktoba 2017 vita vimeichoma Cabo Delgado. Mwaka 2020 misheni ya kale ya Nangololo, iliyoanzishwa 1924 na Wamontfort, iliharibiwa. Machi 2021 Palma ilishambuliwa, na maelfu wakakimbia, wengine kwa miguu kuelekea Ruvuma, wengine kwa mashua kuelekea mji wa Pemba wa Msumbiji. Misikiti na makanisa vimeumia pamoja, na waliokimbia hawakukimbia kwa dini.

Wamakonde wa pande zote mbili za mto wamechonga Yesu na Bikira Maria kwa mpingo tangu wamisionari wa nyanda za juu za Mueda walipoanza kuwaagiza kazi hizo. Baadhi ya sanamu hizo ni kazi kubwa: mwili mweusi uliokonda, mikono mirefu, uso uliotulia bila kulegea. Jimbo la Zanzibar likiamua siku moja kuongeza kazi mpya katika kanisa lake kuu, ningeomba isiagizwe Ulaya wala isinunuliwe katika duka la vifaa vya ibada. Iagizwe kwa mchongaji wa Mueda, au kwa mmoja wa wale waliokimbilia Mtwara, na iwekwe pembeni ya Mtakatifu Yosefu, ambaye naye alikuwa fundi wa mbao. Chini yake yaandikwe, kwa Kiswahili, majina ya mahali walikotoka waumini wa kwanza wa kanisa hilo: Nyasa, Uyao, Umakua, Ruvuma.